Mfereji Ambao Sikuuchimba

Mzee Wilondja,

Sitakuuliza habari za huko. Ulipokuwa hai hukupenda barua inayoanza na salamu za mistari kumi, ulisema mwandishi anakula karatasi bure. Basi naanza na neno lenyewe. Nimeandika ukweli juu ya chemchemi ile ya njia ya Lubondja. Nimeuandika mahali ambapo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuusoma, na jina lako limo ndani. Kama umekasirika, kasirika. Mimi pia nimekukasirikia, na kabla sijamaliza barua hii utajua kwa nini.

Nimekaa barazani kwako hapa Baraka. Ni saa nne asubuhi. Mama Alimasi amenipa kiti chako cha kamba, mwenyewe ameingia uani kutwanga sombe, majani ya mihogo ya chakula cha mchana. Ni yeye aliyeniambia nikuandikie. Amesema nimezungumza na watu wa Lulimba, nimezungumza na watu wa Minembwe, nimezungumza na watu nisiowajua hata sura, na wewe mume wake sijakuambia kitu tangu siku tuliyokuzika.

Na kusema tulikuzika ni kujisifu. Walikuzika watu wa mabuti na barakoa, wenye mashine za kunyunyizia mgongoni. Sisi tulisimamishwa mbali, nyuma ya kamba. Mkeo hakuruhusiwa kukuosha. Upepo ulituletea harufu ya klorini, ile ile uliyokuwa nayo mikononi kila tulipomaliza kusafisha kisanduku cha maji, na nikajikuta natazama huku na huku natafuta ndoo nikusaidie kubeba. Imepita miezi minane.

Nikueleze kwanza yaliyobadilika. Mwezi wa pili baada yako nilipata kazi ya chemchemi yenye macho mawili ya maji, kule juu ya shamba la mihogo la wale jamaa wa Burundi. Ukifungua jicho moja, la pili linakauka. Ukifungua la pili, la kwanza linatoa matope. Nilikaa juu ya jiwe nikafikiri hadi kichwa kikaniuma, kisha nikatoa simu nikapiga namba yako. Nakuapia, sikukumbuka. Akapokea Mama Alimasi. Nikasema samahani, nimekosea namba, kana kwamba hajui sauti yangu. Akakata.

Siku ile nilielewa kwamba katika Fizi yote sina wa kumuuliza. Mafundi wa chemchemi tupo, lakini kila mmoja yuko kwenye kilima chake na siri zake. Wewe ndiye uliyekuwa unatembea. Ulikuwa unapanda pikipiki kwenda kuona kazi ya mtu ambaye hata hakukualika, unazunguka ukuta wake mikono mgongoni, unaonja maji, unaguna. Sasa hakuna anayeguna.

Nikaenda kwa Furaha, yule dada anayechaji simu za watu kwa sola karibu na soko. Nilimwambia nataka mahali pa kuweka picha na maelezo ya kazi, ili fundi wa mbali asome na yeye aweke yake, tubishane. Akasema hiyo inaitwa blogu, haina shida, ni ya bure. Akanitengenezea huku anamhudumia mteja mwingine. Aliponiuliza jina la kuweka juu, sikufikiri. Nikamwambia aandike Nyuma ya Ukuta.

Wewe unalijua jina hilo linatoka wapi. Ni sheria yako. Miaka sita niliyofanya kazi chini yako, mimi mwanamke, sikusikia hata siku moja ukimkosoa fundi mbele ya watu. Ukiona kosa ulikuwa unamshika mkono, unampeleka nyuma ya ukuta, kule kwenye kokoto na udongo wa mfinyanzi, na huko ndiko ulikokuwa unammaliza kwa maneno. Mimi umenimaliza huko mara nyingi hata sihesabu. Tukirudi mbele ya watu unaniita Injenieri, unacheka, watu wanadhani tulikwenda kupima. Ulisema heshima ya fundi ikivunjwa mbele ya komite ya maji, haiungiki tena kwa simenti yoyote. Niliipenda sheria hiyo. Ilinifaa sana.

Sasa nije kwenye aibu. Fundi akifungua duka anaweka dirishani kitu chake kizuri zaidi. Kwenye blogu, kazi ya kwanza niliyoiweka ilikuwa chemchemi ya njia ya Lubondja. Ndiyo, ile. Picha zilikuwa za siku ya kuifungua, ukuta mweupe kama unga, ngazi zimenyooka, wamama wamevaa vitenge vya sherehe, bomba linamwaga. Nilichora na ramani yake pia: jicho la maji, mawe, kokoto, plastiki, udongo juu. Mfereji wa juu sikuuchora. Mkono ulikataa. Ningeuchora ningekuwa nimedanganya, na kwa kutouchora nikadanganya vilevile.

Kwa watakaosoma barua hii na hawajui kazi yetu, maana Furaha atataka kuiweka nayo, naeleza. Mfereji wa juu ni mtaro unaochimbwa kwenye mteremko, juu ya chemchemi, kuzuia maji ya mvua yasishuke na uchafu wa mlima kuingia kwenye jicho. Haupendezi. Hauonekani. Hakuna mgeni anayepanda kuupiga picha. Lakini bila huo, mvua ikinyesha, yote yaliyoachwa majanini yanaingia kwenye madumu ya watu.

Na mwaka ule majanini palikuwa na mengi. Familia zilizokimbia vita milimani zilikuwa zimeshuka, zimejenga vibanda vya maturubai hapo hapo juu ya chemchemi, na hawakuwa na choo. Niliwaona. Nilijua. Ukuta ulikuwa umekwisha, foleni ya wamama ilikuwa imeanza kabla hata simenti haijakauka, komite ilikuwa imealika wageni Jumamosi, na vijana wa kuchimba walikuwa wameniacha wakaenda shambani kwao. Nikajiambia mfereji nitauchimba Jumatatu. Siku mbili tu, nani atajua.

Wewe mguu ulikuwa umevimba, ulikuwa nyumbani. Ijumaa ukanipigia simu. Uliniuliza swali moja tu, la mfereji. Nikakujibu, na maneno yale bado nayasikia kinywani mwangu: "Iko, Mzee. Mufereji iko."

Jumamosi alfajiri mvua ikanyesha. Saa tatu ukafika kwa pikipiki, umevaa koti lako la kanisani. Watu walikuwa wengi. Ulisalimia komite, ukazunguka ukuta, kisha ukaanza kupanda mteremko na fimbo yako, polepole kwa sababu ya mguu. Mimi nilikuwa kwenye bomba. Nilikuona ukipotea nyuma ya majani. Ukakaa huko kidogo. Nilijiambia umekwenda kukojoa. Mzee, miezi minane nimejiambia hivyo, umri wako ule, barabara ile mbaya, lazima ulikwenda kukojoa.

Ulishuka kimya. Ukaja ukasimama karibu nami, na kama desturi yetu ilivyo, fundi mkuu ndiye anayekunywa kikombe cha kwanza mbele ya watu, ndipo wengine wachote. Nilikipokea kikombe kutoka kwa mwenyekiti, nikakinga, nikakupa kwa mikono miwili. Ulinitazama. Ukanywa chote. Watu wakapiga makofi, ukasema Injenieri huyu ni wangu.

Jumapili jioni tumbo likaanza. Jumatatu walikupeleka kwenye mahema ya kipindupindu, umekaa katikati ya dereva wa pikipiki na mwanao Alimasi, umefungwa kwa kitenge usianguke. Nilipopata habari sikuja kukuona. Nilikimbilia Lubondja. Niliziba bomba kwa kijiti na kitambaa, nikawaambia watu lina kasoro kidogo, nikashika sururu nikaanza kuchimba. Wamama waliuliza mbona fundi anachimba huku analia, nikasema jasho. Jumanne ulikata roho, nami nilikuwa kwenye mfereji, udongo hadi magotini. Mfereji wote ulinichukua siku mbili na nusu. Ndizo nilizokunyima.

Hakuna aliyeniuliza kitu. Hapa kwetu kipindupindu hakikosi pa kutokea, na mtu akiugua tunalilaumu ziwa. Watu wa nyumba kadhaa karibu na bomba waliugua juma lile, wakawekewa maji ya mishipa, wakarudi. Bibi mmoja alikufa, wakasema ni uzee. Mimi sijui. Nilisafisha chemchemi kwa klorini mara tatu, nikaondoa kijiti, na maji yakawa safi, na bado ni safi hata leo. Nikaanza kumletea mkeo samaki kila juma. Nikafungua blogu.

Blogu ikapata watu, Mzee. Sikutegemea. Fundi mmoja wa Minembwe, kule juu kwenye nyanda za ng'ombe, aliandika jinsi wanavyopanga mawe bila simenti kwa sababu simenti haipandi. Miaka hii watu wa ziwani na watu wa mlimani hatukutani, barabara zimetutenga na mengine yametutenga zaidi ya barabara, lakini alieleza kwa utaratibu nikaona mikono yake inavyofanya kazi. Alinisaidia hata ile chemchemi ya macho mawili. Ungempenda. Mngegombana siku nzima juu ya kokoto.

Halafu akaja Kashindi. Kashindi ni fundi wa Lulimba, anajenga chemchemi kwa ajili ya kijiji kidogo kando ya machimbo ya dhahabu. Alikuwa ameipenda picha ya ukuta wangu, ameichapa kwenye karatasi, ameionyesha komite yake, na wote wakakubali wajenge hivyo hivyo. Wakati wa kumalizia ndipo aliponiandikia chini ya picha: "Fundi, niko natazama picha, siioni mufereji ya juu. Iko ao haiko? Hapa majabali ni mingi, mufereji itatukula juma mbili."

Nilisoma swali lile kwenye meza ya Furaha, nikafunga simu. Lilikuwa swali lako, Mzee, neno kwa neno karibu. Nikakaa siku nne bila kumjibu. Siku ya tano nikamwandikia pembeni, mahali wengine hawaoni, kwamba mfereji ni wa lazima, auchimbe. Nilijiona nimetenda vizuri. Nilikuwa nimempeleka nyuma ya ukuta kama ulivyonifundisha.

Jibu lake lilikuja Jumanne. Alisema yeye anakubali, ila komite inakataa. "Banasema ya Baraka haina mufereji na maji yake iko safi, sasa ya hapa ni juu ya nini? Banafungua siku ya Mungu, misa ikiisha. Unipe sababu moja nibaambie." Na mvua zilikuwa zimeanza.

Sababu ninayo moja tu. Wewe.

Nilipiga namba aliyonipa, imezimwa. Huko Lulimba mtandao unakamatwa juu ya kilima kimoja, mtu anapanda anasoma anashuka. Nilikwenda kwa waendesha pikipiki, wakasema juma hili njia ya Lulimba haipitiki, kuna matope na kuna wenye silaha, hawaendi hata kwa mgonjwa. Nikabaki na blogu. Na nilijua pia si Kashindi peke yake. Picha ile ilikuwa imetoka kwangu ikaingia kwenye vikundi vya simu, Furaha aliniambia ameiona hadi kwa watu wa Kalemie. Ni nani mwingine alikuwa anajenga ukuta mweupe usio na mfereji, sikuwa na njia ya kujua wala ya kumvuta mkono pembeni.

Lakini sikuweza kuliandika kabla mkeo hajalisikia. Jumatano asubuhi nikaja hapa, mikono mitupu, bila samaki. Alikuwa anaanika mihogo kwenye mkeka. Nikapiga magoti kando ya mkeka nikamweleza yote, simu ya Ijumaa, mvua, vibanda, kikombe. Hakuniangalia. Aligeuza mihogo kipande kwa kipande hadi akafika mwisho wa mkeka. Halafu akasema:

"Nyota, kila juma unaniletea samaki. Hii neno njo nilikuwa nangojea."

Sikuelewa. Akakaa chini, akafuta mikono kwenye kitenge.

"Alijua," akasema. "Alipanda kule juu akaona mufereji haiko. Alinielezea ye mwenyewe, pale ku kitanda, mbele ya sauti yake kuisha. Alisema: nikikatala kunywa, bale bantu batasema mwanamuke hawezi kujenga. Nikajisemea kikombe moja haina neno, kesho kutwa namurudisha na jembe, mi na ye tu. Akaniambia nisikuambie. Na mi nilinyamaza, juu ni yeye alinituma."

Mzee, kama ardhi ingefunguka ningeingia. Halafu, kabla sijainuka pale magotini, hasira ikanikamata, na sijaona hasira kama ile. Ulijua. Ulikuwa umepanda na mguu wako mbovu, ukaona vibanda, ukaona majani yamelowa, wewe ambaye unanusa mavi ya mbuzi kwenye maji kutoka hatua kumi. Ukashuka. Ukanywa ili mimi nisiaibike. Ile siku ya kwanza komite ilipouliza mwanamke atajenga ukuta gani, wewe ndiye uliyeweka jina lako dhamana kwa ajili yangu, nakumbuka, sijasahau, na sitasahau. Lakini wale wamama waliokuwa nyuma yako kwenye foleni? Walikunywa baada yako kwa sababu wewe ulikunywa. Bibi yule alikunywa. Mlilinda heshima ya fundi mmoja, wewe na sheria yako ya nyuma ya ukuta, na heshima yenyewe ilikuwa yangu, na haikustahili hata kijiko cha maji yale.

Nilimwambia Mama Alimasi kwamba sasa siwezi kuandika. Kujitaja mimi sawa. Kukutaja wewe, kwamba uliona ukanyamaza, ni kukuzika mara ya pili. Mafundi wote wa Fizi wanakuita baba. Nitaandika kosa langu tu, nikasema, lako nitaliacha.

Alikataa. Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Andika yote, ao usiandike. Ukiandika nusu, bale ba Lulimba batasema ni mwanamuke njo alikosa. Habatajua kama hata mukubwa anaweza kuona na anyamaze."

Basi Alhamisi nikaketi kwa Furaha toka asubuhi hadi alipofunga. Alitaka kunisaidia kuchapa, nikakataa, nikachapa mwenyewe kwa kidole kimoja. Niliweka picha ile ile ya ukuta mweupe. Chini yake nikaandika: Bomba hili mnalolisifu lilimuua mwalimu wangu. Kisha nikaandika kila kitu kama nilivyokuandikia hapa, jinsi nilivyokudanganya kwenye simu, jinsi ulivyopanda, jinsi ulivyokunywa, jinsi nilivyoficha. Bibi yule pia nimemwandika, na kwamba sijui. Nikachora ramani upya, mfereji ndani yake, mrefu, mpana, kwa kalamu nyekundu. Furaha alisoma akainuka akaenda kusimama nje.

Ijumaa mnara wa simu ukazimika. Baraka nzima bila mtandao. Jumamosi hivyo hivyo. Jumapili nilikwenda kanisani na sikusikia hata neno moja la mahubiri, nilikuwa nahesabu wenzetu wa Lulimba wako wapi sasa, wamefika kwenye sadaka, wametoka, wanatembea kwenda kwenye bomba, mwenyekiti anamkabidhi Kashindi kikombe. Mvua ilianza wakati wa komunyo. Nilitoka nikasimama chini ya paa la nje, nikainua simu juu kutafuta mtandao.

Jumatatu mchana mtandao ukarudi. Kashindi alikuwa ameandika tangu Jumamosi. "Tulisoma mbele ya bantu bote. Mwenyekiti alisoma mara mbili. Hatufungue. Bomba tumefunga, tuko tunachimba. Fundi, pole."

Nilimwonyesha Furaha kwa sababu sikuyaamini macho yangu. Alisoma, akasema amefunga kazi kwa leo, akaninunulia chai.

Usifikiri mambo yamekuwa mazuri, Mzee. Komite ya kule kwenye macho mawili imenitoa kazini, wamempa mwanamume mmoja ambaye hajawahi kushika timazi. Watu wa njia ya Lubondja waliniita kikao. Nilikwenda peke yangu. Wanaume walisema mengi, nikayasikia, yanapita. Kisha mama mmoja akasimama, binti yake alilala siku sita kwenye mahema yale. Hakunitukana. Aliniuliza tu: "Hata kama uliogopa, mbona haukutuambia tuchemshe?" Alingoja, Mzee. Watu wote walingoja. Halafu akaketi. Hilo ndilo linaloniamsha, kuliko yote.

Na wewe pia wamekusema. Wako waliosema mzee alikuwa amechoka, angestaafu. Mmoja uliyemfundisha mwenyewe aliandika kwamba nimekuchafua ili nijisafishe, na kwamba mwanamke ukimfundisha kazi atakulipa hivyo. Mkeo alimjibu. Hajui kuchapa, alimwambia Furaha maneno, Furaha akayaweka. Sitakuandikia aliyoyasema, muulize mwenyewe siku mtakapokutana, lakini yule mtu hajarudi tena.

Wengine ndio wamerudi, na wamekuja na yao. Yule wa Minembwe ameandika kwamba aliwahi kuinua bomba juu mno, maji yakasukumwa nyuma, yakaikimbia chemchemi, yakatokea shambani kwa jirani. Miaka yote amekuwa akiwaambia watu ni tetemeko. Kijiji kimoja kinatembea saa nzima kutafuta maji kwa sababu ya tetemeko lake. Sasa ameweka jina lake chini ya kosa hilo na anauliza kama kuna njia ya kuyarudisha maji, na tunamjibu, wote, hadharani. Mwingine ameandika juu ya simenti aliyochanganya na udongo. Kashindi naye ana lake. Inasomeka vibaya, Mzee, ukurasa mzima wa watu wazima wanaoungama. Nausoma kila siku.

Hasira yangu kwako haijaisha. Nilidhani nikiandika itapungua, imebaki pale pale, imekaa na upendo kwenye benchi moja na hakuna anayetaka kumpisha mwenzake. Ulinipa heshima. Ningekuomba aibu. Ungesimama pale kwenye bomba, mbele ya komite na wageni na vitenge vyote vile, ukauliza kwa sauti mfereji uko wapi, ningelia mbele yao. Wangesema tuliwaambia. Ningerudi kubeba mawe mwaka mzima, nikikuchukia kila jiwe. Na asubuhi hii ungekuwa wewe kwenye kiti hiki, mimi nimekaa chini kwenye ngazi, umeninunia, hutaki hata kunisemesha. Hiyo ndiyo asubuhi ninayoitaka.

Mama Alimasi ananiita tule. Ameniambia nikuage vizuri, kwa hiyo nakuaga vizuri: asante kwa mwiko, asante kwa Injenieri, asante hata kwa kunimaliza nyuma ya kuta zote zile. Mkeo yuko salama, nitakuwa nakuja kwake, na samaki au bila samaki. Pumzika, Mzee wangu. Sitakulilia hadharani tena, watu wamenitazama vya kutosha.

Ahadi yangu ni moja. Nikipanda mteremko wa fundi yeyote nikakuta hakuna mfereji, awe kijana au mwenye mvi, awe rafiki yangu, awe mwanamke mwenzangu niliyemfundisha mwenyewe na kumpenda kama ulivyonipenda, sitamshika mkono kumpeleka pembeni. Nitamwambia hapo hapo, kwa sauti, watu wote wakisikia. Acha anichukie mpaka azeeke.

Nyota, mwanafunzi wako